Miti ya Asili Kuzunguka Kibanja: Mwongozo wa Kaagya

Miti ya asili katika kata ya Kaagya, kama ilivyo kwingineko Bukoba Vijijini na Muleba, haiko mbali na mlango wa nyumba. Mingi imo ndani ya kibanja, lile shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na imesimama pale kwa sababu kuna mtu aliyeipanda au aliyeiona ikichipua akaiacha. Nje ya kibanja kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio wazi, na mabondeni penye chemchemi hubaki vipande vya msitu. Mpangilio huo wenyewe ni njia nzuri ya kujifunzia: huanzwa mlangoni, hupitiwa kwenye kivuli cha kibanja hadi mpakani, kisha hushukwa bondeni.

Mti huitwa wa asili ukiwa umefika eneo fulani bila kuletwa na mkono wa binadamu. Kwa kipimo hicho, mimea kadhaa inayopendwa sana Buhaya, nchi ya Wahaya, ni migeni. Mgomba, ambao bila huo hakuna kibanja, chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mfenesi ulitoka Asia ya Kusini, mparachichi Amerika ya Kati, mgrevilea na mkaratusi Australia. Ugeni si kosa, na mgomba umekwisha kuwa mwenyeji kwa kila hali. Lakini anayetaka kuitambua miti ya asili sharti aitenge kwanza hiyo mingine, kwa kuwa ndiyo inayoonekana haraka.

Mwenyeji wa kwanza hukutwa hatua chache kutoka jikoni, na watu wengi humpita bila kumhesabu kuwa mti. Ni mbuni wa robusta, Coffea canephora kwa jina la kisayansi. Mti huu ni wa misitu ya joto ya Afrika, kuanzia magharibi na Kongo hadi Uganda na ukanda huu wa Ziwa Viktoria. Wahaya waliutunza kabla ya mkoloni yeyote kufika, na hawakuupanda kwa ajili ya kinywaji. Matunda yalichemshwa, yakakaushwa, yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kabla ya neno lolote zito. Tunda moja la buni huwa na punje mbili zilizolaliana, na kwa sababu hiyo lilitumika katika kuchanjana udugu wa damu: kila mmoja alimeza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Ni vigumu kupata mti mwingine Tanzania ambao umbile la tunda lake lilibeba agano zito namna hiyo.

Mbuni hutazamwa vizuri zaidi siku chache baada ya mvua inayovunja ukame. Matawi yote hufunikwa na maua meupe yenye harufu ya asumini, na katika muda mfupi yote hunyauka. Robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Poleni lazima itoke kwenye mti wenye uzao tofauti, iletwe na upepo au na nyuki. Kwa hiyo mibuni michache ya zamani iliyoachwa pembeni ya kibanja, hata kama mavuno yake ni haba, inaweza kuwa inailisha poleni mibuni yote ya jirani. Kutoka ua hadi tunda jekundu hupita karibu miezi kumi.

Juu ya mibuni na migomba kuna miti ya kivuli, na mitatu kati ya hiyo inastahili kujulikana na kila mtoto wa Kaagya kwa jani, kwa gome na kwa jina.

Omushambya, Markhamia lutea, ndio rahisi kuutambua. Maua yake ni ya njano yenye umbo la tarumbeta, na kooni mwa ua kuna michirizi ya rangi ya damu ya mzee. Matunda ni maganda membamba marefu, baadhi yakizidi nusu mita, yanayoning'inia kwa vishada kama mikanda iliyoanikwa. Yakikauka hupasuka na kuachia mbegu nyepesi zenye mbawa kama karatasi, ambazo upepo huzisambaza hadi kwa jirani. Pasipo maua wala maganda, hutazamwa jani: limeundwa na vijani kadhaa vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, na pale kikonyo kinapoungana na tawi huwa kuna vijani viwili vidogo vya mviringo, kama masikio. Dalili hiyo ya masikio haidanganyi. Omushambya ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, ndiyo maana umekuwa chanzo cha nguzo za kuegemezea migomba yenye mikungu mizito, miti ya kujengea na mipini ya majembe. Mbao zake husifiwa kwa kustahimili mchwa.

Omuhumula, Maesopsis eminii, ndio mrefu kuliko jirani zake wote. Shina lake hunyooka na kupanda mbali kabla ya kutoa tawi kubwa, na mti uliokomaa hupita mita 30. Majani yanang'aa, na kingo zake zina meno ya mviringo yaliyopangwa kwa nafasi. Matunda ni madogo kama yai la njiwa. Huanza na kijani, yakapita njano, yakaishia zambarau iliyokaribia weusi. Waganda huuita musizi, na jina hilo limeenea pia kwa wafanya biashara ya mbao. Sehemu ya pili ya jina la kisayansi humkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890; yaani mti uliokuwa na jina lake kwa karne nyingi ulipewa jina la mtu aliyepita tu. Katika mazungumzo ya nyumbani, omuhumula linatosha.

Mti huohuo una historia ya pili upande wa pili wa nchi, nayo inafundisha maana ya neno asili kuliko maelezo yoyote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipelekwa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, na miongo kadhaa baadaye ukapandwa kwa wingi zaidi. Hondohondo walimeza matunda na kudondosha mbegu msituni, na mti ukaenea hata kwenye msitu wa asili, ukashika nafasi za miti ambayo haipatikani popote duniani isipokuwa milima hiyo. Amani omuhumula ni tishio linalopigwa vita na wahifadhi. Kaagya ni mwenyeji anayetoa kivuli kwa kahawa. Aina ya mti ni moja, kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo mbegu za mti mzuri wa Bukoba hazifai kuwa zawadi kwa ndugu aliyehamia mkoa wa mbali kabla ya kuuliza kwanza watu wa misitu wa huko.

Wa tatu ni omutoma, mtini wa jamii ya Ficus natalensis na ndugu yake wa karibu, Ficus thonningii, ambao hata wataalamu hubishana namna ya kuwatofautisha. Kuutambua mtini wowote kuna majaribio mawili mepesi. Jani likivunjwa, utomvu mweupe kama maziwa hutoka. Kisha kwenye kijiti kichanga, pale kila jani linapoungana nacho, kuna alama ya pete inayokizunguka kijiti kizima. Ni kovu lililoachwa na kifuniko cha chipukizi. Miti mingine yenye utomvu mweupe ipo, lakini utomvu pamoja na pete kwa kawaida ni mtini, au ndugu yake mfenesi.

Omutoma ulikuwa duka la nguo. Kabla ya pamba kuenea, Wahaya walivaa olubugo, kitambaa cha gome lake. Tabaka la nje la gome lilikwanguliwa, la ndani likabanduliwa zima kuzunguka shina, likagongwa kwa nyundo za mti zenye mifereji hadi likapanuka na kulainika, kisha likaanikwa juani hadi likapata rangi ya udongo. Shina lililobaki uchi lilifungwa majani ya migomba ili lisikauke, nalo likaota gome jipya, na mti mmoja uliweza kuvunwa kwa miaka mingi. Ufundi huo bado uko hai Buganda, na mwaka 2008 ufundi wa Uganda uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Upande huu wa mpaka mitoma ipo, wagongaji ndio waliopungua. Omutoma mkongwe wenye shina la makovu ya mlalo ni ushahidi unaofaa kupigwa picha, na mzee anayekumbuka nani aliuvua gome anafaa kuulizwa mapema.

Kwa viumbe wengine omutoma ni ghala. Tini zake si matunda ya kawaida: maua yamefungiwa ndani, na huchavushwa na nyigu wadogo sana ambao huingia kwa tundu jembamba. Kwa kuwa nyigu hao huishi siku chache na hawana pengine pa kuzalia, miti ya aina moja haizai yote kwa wakati mmoja. Daima upo mmoja wenye tini mahali fulani. Ndiyo sababu katika miezi ambayo miti mingine haina kitu, hondohondo na popo wala-matunda hukusanyika kwenye mtini. Mtu akitaka kuwaona ndege wa kijiji chake bila kutembea, akae alfajiri karibu na omutoma wenye tini zilizoiva.

Kando ya hiyo mitatu, mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, hauhitaji utambulisho wakati wa kiangazi. Hupukutisha majani, kisha ncha za matawi makavu huwaka maua mekundu ambayo ndege aina ya chozi huyafyonza kutwa. Gome lake ni nene kama kizibo na lina miiba. Majani huwa matatumatatu. Mti wake mwepesi hufaa kuchongwa, na mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo, kwa hiyo mazao yaliyo jirani hufaidika. Mbegu ni nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kwa shanga, lakini zina sumu zikitafunwa. Watoto waonywe.

Mpakani mwa kibanja hali hubadilika: hapo mti hautafutwi kwa kivuli wala mbao. Omulamula, dracaena yenye majani marefu kama panga yaliyokusanyika kileleni, hupandwa kwenye mstari unaotenganisha kibanja na kibanja. Jina lenyewe lina mzizi mmoja na okulamula, yaani kuamua au kusuluhisha. Mti huu huota kwa kipande cha shina tu, hufa kwa shida sana, na ukikatwa huchipua palepale; sifa hizo tatu ndizo zinazoufanya uwe shahidi mzuri kuliko jiwe, ambalo huweza kuhamishwa usiku. Wachaga wa Kilimanjaro wana isale, mmea wa jamii hiyohiyo, wanaoutumia mpakani na pia katika kuombana msamaha. Inafaa mwenye kibanja, hasa kijana aliyerithi, aizunguke milamula yote akiwa na mzee na jirani wa kila upande, ahesabu, achore mahali pa kila mmoja. Matembezi hayo ya saa mbili yana thamani kwa ardhi kama yalivyo na thamani kwa miti.

Karibu na mpaka, au nyuma ya nyumba, huonekana pia omubilizi, Vernonia amygdalina, mti mdogo wenye majani machungu ambao kila bibi anaujua kwa tumbo na homa. Uchungu wake umewavutia hata wasio binadamu. Katika Milima ya Mahale, mkoani Kigoma, mwaka 1989 watafiti waliandika habari za sokwe mgonjwa aliyemenya vijiti vya mmea huu, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake machungu, jambo ambalo sokwe wenye afya hawakulifanya. Hiyo ni sababu njema ya kuuheshimu, si ya kuchelewa zahanati mtoto akiwa na homa.

Nje ya kibanja, rweya huonekana haina miti, na huo nao ni ujumbe wa kusomwa. Nyasi zake zimelisha ng'ombe, zimeezeka nyumba za msonge na kutandazwa kibanjani kwa vizazi, kwa hiyo rutuba ya kibanja kwa sehemu ni rutuba iliyobebwa kutoka rweya. Kihistoria, Buhaya ilikuwa na msitu mwingi zaidi. Katuruka, karibu na Maruku, palisimama mti mkubwa mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiongozwa na simulizi za wazee, alikuta mabaki ya ufuaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mti, kwa maneno mengine, ulikuwa umeshikilia kumbukumbu ambayo haikuandikwa popote. Chuma hicho kilihitaji mkaa, mkaa ulihitaji msitu, na kilimo kilihitaji nafasi. Ndivyo mandhari ya leo yalivyoanza kutokea. Sasa sehemu za rweya zimepandwa misindano na mikaratusi. Mtu asidanganywe na wingi wa shina hizo akadhani msitu umerudi.

Msitu wa kweli hupatikana kwa vipande mabondeni, na kwa ukubwa wake kamili Minziro, wilayani Missenyi, mpakani na Uganda. Huko msitu husimama kwenye ardhi inayofurika maji, podo zikiota mahali tambarare pa kinamasi badala ya milimani zilikozoeleka, na ndege wengi wa misitu ya Kongo huonekana ambao hawaonekani pengine Tanzania. Minziro ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Huingiwa kwa kibali, na hakichumwi kitu. Anayetoka huko akarudi Kaagya huitazama miti ya kibanja kwa jicho jingine.

Ujuzi wa namna hii haukai kichwani bila daftari. Kila mti hupewa ukurasa wake: jina la Kihaya kama lilivyotamkwa, jina la Kiswahili kama lipo, mahali ulipo, na nani aliyelitaja jina hilo. Majina yaandikwe pamoja na kiambishi chake, omu- na wingi wake emi-, kwa kuwa Kiswahili cha mjini hukikata na neno likapoteza nusu ya sura yake. Yasishangaze yakitofautiana kati ya sehemu za Buhaya kama Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro. Mti mmoja huweza kuwa na majina mawili, na jina moja kubeba miti miwili. Wazee wawili waulizwe kila mmoja peke yake. Wakikubaliana, jina limethibitika. Wasipokubaliana, yote mawili huandikwa.

Baada ya majina hufuata kalenda. Pwani ya ziwa hapa hupata mvua nyingi, Bukoba mjini ikikaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hupungua kadiri mtu anavyokwenda magharibi. Kwa hiyo tarehe za kitabuni kutoka Dodoma au Morogoro hazisaidii. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi hutazamwa miti ileile mitano au sita: ina chipukizi, maua, matunda mabichi, yaliyoiva, au imepukutika? Nani yuko juu yake? Mwaka mmoja wa maandishi hayo mafupi hutoa kalenda ya kibanja ambayo haimo katika kitabu chochote.

Vipimo viwili vinatosha. Unene hupimwa kwa kuzungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Panapopimwa pasibadilike mwaka ujao. Urefu hupimwa kwa kijiti kilicho sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi ya mkono ulionyooshwa. Kijiti hushikwa wima, mpimaji akarudi nyuma polepole mahali tambarare mpaka kijiti kiufunike mti kuanzia shinani hadi kileleni. Hatua kutoka aliposimama hadi shinani ndizo urefu wa mti.

Kutunza kilichopo ni bora kuliko kupanda, kwa sababu mti wa miaka sitini haununuliki. Gome lisibanduliwe kuzunguka shina lote, isipokuwa kwa omutoma na kwa mkono unaojua. Misumari ya kamba za nguo ihamishiwe kwenye nguzo. Wakati wa palizi miche iliyojiotea chini ya omushambya na omuhumula itambuliwe kabla jembe halijapita; kijiti kilichochomekwa kando ya kila mche huzuia msiba mwingi, hasa palizi ikifanywa na kibarua asiyeijua.

Anayetaka kuongeza ana njia nyepesi kwa kila mti. Mbegu za omushambya husiwa zikiwa mpya, kitaluni, na kufunikwa kwa udongo kidogo tu. Za omuhumula husafishwa nyama ya tunda na kulowekwa siku mbili tatu. Huchukua wiki nyingi kuota, kwa hiyo kuhamisha miche iliyojiotea ni haraka zaidi. Omutoma na mwamba-ngoma huoteshwa kwa kigingi kinene kilichochomekwa ardhini mvua zinapoanza, na omulamula kwa kipande cha shina wakati wowote udongo ukiwa na unyevu. Omutoma uwekwe mbali na msingi wa nyumba na tangi la maji, angalau mita 10, kwa sababu mizizi yake hufuata unyevu na huvunja ukuta. Omuhumula usipandwe mahali ambapo matawi yake yanaweza kuangukia bati. Kati ya mibuni, miti ya kivuli huachiwa nafasi ya kutosha jua lipenye, na matawi ya chini hukatwa kabla ya maua ya kahawa, yakiachwa palepale yaoze kuwa matandazo.